Injini za haipasoniki: kikwazo kiko mlangoni mwa hewa

Tarehe 3 Oktoba 1967, Meja Pete Knight wa Jeshi la Anga la Marekani aliirusha ndege ya roketi X-15A-2 hadi kasi ya Mach 6.7, yaani mara 6.7 ya kasi ya sauti, takriban kilomita 7,270 kwa saa. Tukiviweka kando vyombo vya anga za juu, hakuna ndege yenye injini na rubani ndani yake iliyowahi kuipita kasi hiyo. Chini ya mkia wa ndege ile ilining'inizwa injini ya mfano, isiyowaka, iliyowekwa ili wahandisi waone jinsi umbo lake litakavyostahimili hewa ya kasi hiyo. Ndege ilirudi ikiwa imeunguzwa vibaya: nguzo iliyoibeba injini ile ilikuwa imeyeyuka na kutoboka, na injini yenyewe ilikuwa imekwisha kudondoka kabla ya kutua. X-15A-2 haikuruka tena.

Safari ile hukumbukwa kwa rekodi yake. Naona ingefaa ikumbukwe zaidi kwa matundu yale, kwa kuwa hayakusababishwa na kasi peke yake. Sehemu nyingine za ndege zilipita katika hewa hiyohiyo, kwa kasi hiyohiyo, na hazikutoboka. Nguzo ilitoboka kwa sababu mawimbi ya mshtuko yaliyozaliwa kwenye mlango wa hewa wa ile injini ya mfano yaligongana na wimbi lililozaliwa na nguzo yenyewe, na pale yalipokutana joto likapanda kupita kiasi kilichokadiriwa. Zaidi ya nusu karne baadaye, mjadala wa injini za haipasoniki, yaani za kasi ya Mach 5 na kuendelea, bado unazunguka kwenye mambo mawili: kasi ya juu iliyofikiwa, na ugumu wa kuwasha mafuta ndani ya hewa inayopita kwa kasi kuliko sauti. Yote mawili ni ya kweli. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba jambo linaloamua kama injini ya namna hii itakuwa chombo cha kutegemewa au itabaki kuwa onyesho la sekunde chache hutokea kabla ya tone la kwanza la mafuta kumwagwa, pale mlangoni ambako mawimbi ya mshtuko hukutana yenyewe kwa yenyewe na kukutana na kuta.

Sauti ndiyo hodi ambayo chombo kinachoruka huitanguliza mbele yake, na hewa ikiisikia huanza kujisogeza kabla chombo hakijafika. Chombo kikiipita sauti kwa kasi, mgeni hufika kabla ya hodi yake. Hewa hulazimika kubadili mwelekeo ghafla, ndani ya unene ulio sehemu ndogo mno ya milimita, na katika unene huo shinikizo, halijoto na msongamano hupanda kwa mruko mmoja. Hilo ndilo wimbi la mshtuko. Likisimama wima mbele ya hewa inayokuja, huipunguza kasi hadi chini ya kasi ya sauti na kula sehemu kubwa ya nguvu iliyomo ndani yake. Likilala mshazari, huibana hewa kwa upole zaidi na kuiacha iendelee kupita sauti.

Kwa mhandisi wa injini, tofauti kati ya mawimbi hayo mawili ni suala la uhai. Katika Mach 2, wimbi moja la wima huacha takriban asilimia 72 ya shinikizo ambalo hewa ingekuwa nalo kama ingesimamishwa bila hasara. Katika Mach 6 wimbi hilohilo huacha takriban asilimia 3 tu. Sasa tuchukue hewa hiyo ya Mach 6 tuipitishe kwenye mteremko wa nyuzi 10, kisha mwingine wa nyuzi 10, ili izae mawimbi mawili ya mshazari badala ya moja la wima. Shinikizo la hewa inayotiririka litapanda karibu mara kumi, hewa itaingia ndani ikiwa bado kwenye Mach 3.7 hivi, na akiba ya lile shinikizo la kusimamishwa itakayobaki ni takriban asilimia 72 badala ya 3. Ndiyo maana skramjeti, injini isiyo na feni wala kipande chochote kinachozunguka, hutumia tumbo zima la chombo kuwa sehemu ya mlango wake. Mbano ambao injini ya ndege ya abiria huupata kwa safu za mapanga yanayozunguka, skramjeti huupata kwa mpangilio wa mawimbi tu. Mawimbi ndiyo mashine yenyewe, na mashine ikipinda, hakuna kipuri cha kubadilisha.

Mpangilio unaosifiwa katika michoro ni ule ambao mawimbi yote kutoka tumboni mwa chombo hukutana barabara kwenye mdomo wa mlango, yaani ncha ya ule ukuta wa chini unaoikinga hewa. Yakikutana hapo, mlango humeza hewa yote uliyokusudiwa kumeza na hakuna inayomwagika nje. Lakini mdomo huo hauwezi kuwa mkali kama wembe. Joto linaloingia kwenye ncha hupungua kadiri ncha inavyokuwa butu: nusu-kipenyo cha ncha kikipunguzwa hadi robo yake, joto huongezeka maradufu. Kwa hiyo mdomo huachwa butu kidogo, na kitu butu katika hewa ya haipasoniki hujiundia wimbi lake lenyewe lenye umbo la upinde, linalosimama mbele yake bila kukigusa. Basi mhandisi amelielekeza wimbi la tumboni likutane na mdomo, na mdomo tayari una wimbi lake. Amejitengenezea mwenyewe mgongano uleule ulioitoboa nguzo ya X-15.

Mtu aliyeuweka mgongano huo katika utaratibu unaosomeka ni Barry Edney, aliyefanya majaribio katika taasisi ya utafiti wa anga ya Sweden na kuchapisha ripoti yake mwaka 1968. Aliigawa migongano hiyo katika aina sita, kulingana na mahali ambapo wimbi la mshazari linaukata upinde. Aina ya nne ndiyo inayoogopwa. Hutokea pale wimbi la mshazari linapoukata upinde karibu na sehemu yake iliyosimama wima. Hewa inayopita juu ya makutano na ile inayopita chini yake hushuka hadi chini ya kasi ya sauti, lakini katikati hupenya mchirizi mwembamba ambao haukupita kwenye sehemu ya wima. Mchirizi huo hubanwa hatua kwa hatua na mawimbi madogo ya mshazari, kwa hiyo haupotezi nguvu kama majirani zake. Huingia ndani ukiwa na akiba kubwa ya shinikizo, kisha hugota kwenye ukuta wa mdomo katika eneo dogo mno. Pale unapogota, joto linaweza kuzidi mara kumi na zaidi lile ambalo mdomo ungelipata bila mgongano. Mchirizi wenyewe hautulii mahali pamoja, na pembe ikibadilika kidogo tu huhama au hutoweka kabisa, hivyo metali hupigwa na joto linalowaka na kuzimika bila kukoma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba tatizo la mlango ni la vifaa tu, na kwamba likipatikana gimba la kauri linalostahimili moto zaidi mambo yatakwisha. Vifaa ni muhimu, nami sivipuuzi. Lakini gimba lolote litapimwa kwa joto la mahali palipo na joto zaidi, na mahali hapo hupangwa na jiometri ya mawimbi. Mhandisi anayeruhusu mawimbi ya tumboni yapite mbele kidogo ya mdomo, akakubali kumwaga sehemu ndogo ya hewa nje, huupunguzia mdomo adhabu hiyo katika mwendo wake wa kawaida. Anapoteza msukumo kidogo na anapata ukuta unaodumu. Mimi nachagua ukuta unaodumu.

Ndani ya mlango hali haiwi nyepesi. Hewa iliyogeuzwa na miteremko lazima igeuzwe tena ili ielekee kwenye chumba cha mwako, na kila kugeuzwa kunazaa wimbi jipya linalogonga ukuta wa pili na kuakisiwa. Uakisi huo una sura mbili. Katika sura ya kwanza, wimbi hugonga na kurudi kwa mshazari, hewa ikabaki juu ya kasi ya sauti. Katika ya pili, ambayo mwanafizikia Ernst Mach aliiona katika karne ya 19, mawimbi hayakutani kwenye ukuta bali hukutana mbali nao kidogo, na pengo linalobaki huzibwa na wimbi fupi la wima. Nyuma ya wimbi hilo fupi hewa hushuka chini ya kasi ya sauti na hasara ya Mach 6 niliyoitaja huanza kurudi kwa mlango wa nyuma.

Jambo zito ni kwamba kuna eneo la pembe na kasi ambamo sura zote mbili zinawezekana. Mtafiti Hornung na wenzake walitoa hoja mwaka 1979 kwamba ndani ya eneo hilo sura itakayotokea inaweza kutegemea historia ya mtiririko: ukifika kwenye pembe fulani kwa kuiongeza polepole unapata sura moja, ukiifikia kwa kuipunguza unapata nyingine. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha hali hiyo ndani ya handaki la upepo, yaani mtambo unaopitisha hewa kwa kasi juu ya umbo la majaribio. Maana yake kwa injini ni nzito. Chombo kinaweza kuwa katika kasi ileile, kimo kilekile na pembe ileile, na mlango wake ukawa na tabia mbili tofauti kulingana na kilichotokea sekunde moja iliyopita. Jedwali la kasi na pembe, ambalo mitambo mingi ya uongozaji hulitegemea, halitoshi kuieleza hali hiyo.

Kisha kuna kuta zenyewe. Mwanasayansi Mjerumani Ludwig Prandtl alieleza mwaka 1904 kwamba hewa inayogusa ukuta husimama, na kati yake na mtiririko huru kuna tabaka jembamba ambamo kasi hupanda kutoka sifuri. Hata katika Mach 7, sehemu ya chini kabisa ya tabaka hilo huenda polepole kuliko sauti, na kwa hiyo habari za shinikizo zinaweza kupanda juu ya mkondo kupitia humo. Wimbi likigonga ukuta, hewa ile dhaifu ya chini haiwezi kuupanda ukuta wa shinikizo uliotokea ghafla mbele yake. Hubanduka kutoka kwenye bati na kuacha kiputo cha hewa inayozunguka. Kiputo hicho huwa kilima ambacho hakikuchorwa na mtu, nacho huzaa wimbi lake mbele yake, ambalo hugonga ukuta wa pili na kuweza kuibandua hewa ya huko pia. Wahandisi wa X-43A, chombo cha majaribio cha NASA, waliuchukulia udhaifu huu kwa uzito kiasi kwamba waliweka vinundu kwenye tumbo lake mbele ya mlango ili kuilazimisha hewa ya tabaka hilo ivurugike mapema, kwa kuwa tabaka lililovurugika hushikamana na ukuta vizuri zaidi kuliko lile tulivu. Waliongeza joto na msuguano kwa makusudi ili wanunue uthabiti. Huo nauhesabu kuwa uhandisi wa busara.

Haya yote yakizidi, mlango hushindwa. Shinikizo la chumba cha mwako likipanda mno, au viputo vikikua hadi kuziba njia, mfumo mzima wa mawimbi husukumwa mbele na kutemwa nje ya mlango. Hewa iliyokuwa inaingia humwagika pembeni, msukumo hukatika, na ukinzani hupanda kwa upande mmoja wa chombo. Marubani wa ndege ya upelelezi ya SR-71, ambayo haikufika haipasoniki lakini mlango wake ulitumia mawimbi ya nje na ya ndani kwa pamoja, waliijua hali hiyo kwa miili yao. Tarehe 25 Januari 1966, rubani wa majaribio Bill Weaver na mwenzake Jim Zwayer walikuwa wakikata kona kwenye Mach 3.18 pale mlango wa injini ya kulia ulipolitema wimbi lake. Ndege iligeuka bila kuzuilika na kusambaratika angani. Weaver alinusurika, Zwayer alifariki. Ndege za aina hiyo ziliendelea kusumbuliwa na tatizo hilo kwa miaka mingi, na lilipungua sana baada ya mlango kukabidhiwa kwa udhibiti wa kidijitali katika miaka ya 1980. Koni iliyo mbele ya injini ilikuwa na uwezo wa kurudi nyuma kiasi cha sentimita 66, na kilichokosekana kwa muda mrefu kilikuwa akili ya kuisogeza kwa wakati.

Skramjeti zilizokwisha kurushwa nyingi hazina hata hiyo koni. Chombo cha X-51A cha Marekani kilikuwa na mlango usiobadilika. Katika safari yake ya pili, tarehe 13 Juni 2011, injini iliwaka kwa gesi ya ethilini kama ilivyopangwa, lakini ilipokuwa ikihamia kwenye mafuta yake makuu mlango ukalitema wimbi. Chombo kilijaribu kujiweka katika hali ya kuwasha tena na hakikufaulu. Safari ya nne, tarehe 1 Mei 2013, ilifikia Mach 5.1 na injini ikafanya kazi kwa takriban sekunde 210 hadi mafuta yalipokwisha. Vyombo vya habari viliandika juu ya Mach 5.1. Nadhani sekunde 210 zilikuwa habari kubwa zaidi, kwa sababu zilimaanisha kwamba kwa muda wote huo mawimbi yalibaki ndani ya mlango huku mafuta yakipungua na uzito ukibadilika. X-43A ilifika Mach 6.8 mwezi Machi 2004 na Mach 9.6 mwezi Novemba mwaka huohuo, mafanikio makubwa kwa kila kipimo. Lakini kila safari iliendesha injini kwa sekunde kama kumi hivi, na kila chombo kilitengenezewa kasi moja. Rekodi hizo zilithibitisha kwamba mpangilio wa mawimbi unaweza kupatikana. Hazikuthibitisha kwamba unaweza kuhamishwa kutoka Mach 5 hadi Mach 8 bila kuvunjika, na hilo ndilo atakalolihitaji yeyote anayetaka kusafirisha kitu kwa injini hii, kiwe mzigo, kipimo cha kisayansi au satelaiti.

Kwa nini suala hili linachelewa kupata ufumbuzi? Sababu moja iko kwenye vifaa vya kupimia. Mahandaki ya mshtuko, yaani mahandaki ya upepo yanayoendeshwa na wimbi la mshtuko, kama lile la T4 la Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, huweza kuiga hewa ya kasi kubwa mno ikiwa na joto lake halisi, lakini kwa milisekunde chache tu. Viputo vya hewa iliyobanduka navyo hupanuka na kusinyaa kwa mdundo wa polepole, mara nyingi mamia ya mizunguko kwa sekunde, polepole kabisa kuliko misukosuko ya hewa inayovizunguka. Mzunguko mmoja unaweza kumaliza muda wote wa jaribio. Kompyuta nazo zina kikomo chake: programu za kawaida za uhandisi hukadiria wastani wa misukosuko, na ukadiriaji huo hukosea ukubwa wa kiputo, ilhali programu zinazofuatilia kila msukosuko hugharimu kiasi cha kutofaa kwa mlango mzima wa chombo halisi. Kwa hiyo mchoro unaotoka mezani ukiwa mzuri unaweza kuwa umefichwa udhaifu wake na kifaa kilekile kilichoupima.

Kwa sababu hiyo nathamini sana majaribio ya aina ya HIFiRE-1, yaliyofanywa na Marekani na Australia kwa pamoja. Mwezi Machi 2010, huko Woomera nchini Australia, roketi ilirusha umbo la koni lililoishia kwa sketi iliyotanuka, bila injini yoyote. Kazi ya sketi ile ilikuwa kuzalisha wimbi litakalogongana na tabaka la ukutani, na vipimo vya shinikizo na joto vilipangwa kando ya mahali pa mgongano. Hakukuwa na rekodi ya kutangazwa. Kilichopatikana ni data ya safari halisi, kwa muda mrefu kuliko handaki lolote la mshtuko, ambayo ilichapishwa na ambayo mtafiti yeyote anaweza kuipimia programu yake.

Mtindo huo uko hatarini, kwa kuwa uwanja huu sasa umemezwa na mashindano ya silaha, na kila mlango wa hewa unaofanikiwa au kushindwa hufungiwa kabatini. Naelewa serikali ikificha masafa ya kombora au umbo lake kamili. Sielewi faida ya kuficha tabia ya wimbi linalogonga ukuta ulionyooka, au ya mchirizi unaogota kwenye mdomo butu, kwa kuwa hewa haina utaifa na kila nchi itayagundua hayohayo kwa gharama ya vyombo vyake. Ripoti ya Edney ilitoka hadharani mwaka mmoja tu baada ya nguzo ya X-15A-2 kutoboka, na tangu hapo kila mwanafunzi wa fani hii huijua aina ya nne kabla hajachora mdomo wake wa kwanza. Programu zinazogharimiwa na umma zingepaswa kutoa angalau kumbukumbu za shinikizo la kuta za mlango kwa kila safari, hasa zile zilizoshindwa, pamoja na kasi na pembe ambazo mawimbi yalianza kuhama. Taarifa ya Mach peke yake humwambia mhandisi anayefuata kwamba mtu alifika. Takwimu hizo zingemwonyesha ni umbali gani uliobaki kabla mlango haujalitema wimbi.